Kurejea mazoezi ya kunyanyua vyuma

Kurejea mazoezi ya kunyanyua vyuma ni hatua ya mtu aliyewahi kufanya mazoezi ya kujenga nguvu za misuli kuyaanza tena baada ya kuyaacha kwa muda mrefu, yaani kuanzia wiki kadhaa hadi miaka mingi. Sababu za kuacha ni nyingi: ugonjwa, ajali, ujauzito na kujifungua, msimu wa kilimo, masomo, kuhama makazi, kufungwa kwa jimu au kukosa muda.

Kurejea kunatofautiana na kuanza kwa mara ya kwanza. Misuli iliyowahi kuzoezwa hurudisha nguvu zake kwa haraka kuliko misuli ya mtu asiyewahi kufanya mazoezi hayo. Haraka hiyo ina faida, lakini pia ni chanzo cha madhara mengi. Mtu hukumbuka uzito aliokuwa akinyanyua zamani na kutaka kuanzia hapohapo, wakati kano, viungo na moyo wake havijawa tayari. Madhara yanaweza kuwa maumivu ya siku chache tu, au yakawa makubwa kama kuchanika kwa msuli au kuharibika kwa figo.

## Istilahi

Nchini Tanzania mazoezi haya huitwa kwa kawaida "kunyanyua vyuma", "kubeba vyuma" au "kupiga vyuma", hata pale kinachonyanyuliwa ni kopo la zege au ndoo ya maji. Yakifanywa kwa lengo la kukuza umbo huitwa "kutunisha misuli". Katika maelezo ya mazoezi, *marudio* ni idadi ya kunyanyua mfululizo bila kupumzika, na *seti* ni kundi moja la marudio. Mtu anayenyanyua mara 10, akapumzika, kisha akanyanyua tena mara 10, amefanya seti mbili za marudio 10. *Kiasi cha mazoezi* hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa jumla ya marudio.

## Historia

Utaratibu wa kuongeza uzito kidogo kidogo ulipata msingi wa kitabibu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa miguu na kudhoofika kwa kulala hospitalini muda mrefu. Mwaka 1945 alieleza namna alivyowarudishia nguvu kwa kuwanyanyulisha uzito uliopimwa na kuongezwa kwa hatua. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins walipendekeza seti tatu za marudio 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito wote. Hivyo mbinu inayotumika leo katika jimu nyingi duniani ilianza kama njia ya kuwarejesha katika nguvu watu waliokuwa wamezipoteza.

Suala la kurejea lilipata umuhimu mpya mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Nchini Kenya na Uganda jimu zilifungwa kwa amri ya serikali. Mwezi Aprili mwaka huo Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa video akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake, ikiwa ni pamoja na pushapu 30, ili kuwahimiza wananchi wasitoke nje kufanya mazoezi katika makundi. Nchini Tanzania shule na vyuo vilifungwa katikati ya Machi. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni 2020. Wanafunzi na wanamichezo wengi wa Afrika Mashariki walirudi viwanjani na kwenye vyuma baada ya miezi kadhaa ya kukaa.

## Yanayotokea mwilini mazoezi yakikoma

Mwili hautunzi kisichotumika. Hata hivyo sehemu zake hazipotezi uwezo kwa kasi ileile.

* Pumzi na moyo hushuka mapema zaidi. Katika utafiti wa Edward Coyle na wenzake uliochapishwa mwaka 1984, wanamichezo wa mbio na baiskeli walioacha mazoezi walipoteza takriban asilimia 7 ya uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ndani ya siku 21. Hasara ilifikia asilimia 16 baada ya siku 56, kisha ikatulia.
* Nguvu za misuli hudumu zaidi. Kwa kawaida mtu mwenye afya anaweza kupumzika wiki mbili hadi tatu bila kupoteza nguvu nyingi. Baada ya hapo hushuka polepole.
* Ukubwa wa misuli huonekana kupungua mapema, lakini sehemu ya upungufu huo ni maji na wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, ambavyo hurudi upesi mazoezi yakianza.
* Kano na mifupa hubadilika taratibu, katika kupoteza na katika kujengeka.

Kulala kitandani kwa ugonjwa ni jambo tofauti na kuacha mazoezi huku mtu akiendelea na kazi zake za kila siku. Mgonjwa aliyelala hupoteza nguvu kwa siku, si kwa wiki, na hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa wazee.

Si lazima mtu aache kabisa. Utafiti wa Scott Bickel na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vijana waliopunguza mazoezi hadi sehemu moja ya tisa ya kiasi cha awali, kwa kuyafanya mara moja tu kwa wiki, walitunza nguvu na ukubwa wa misuli kwa wiki 32. Watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walitunza nguvu, lakini walihitaji mazoezi mengi zaidi ili kutunza ukubwa wa misuli. Kwa mtu anayebanwa na kazi, siku moja kwa wiki ina thamani kubwa kuliko kuacha kabisa na kuanza upya.

## Kumbukumbu ya misuli

Uwezo wa misuli kurudi haraka katika hali yake ya zamani huitwa kumbukumbu ya misuli. Mwaka 1991 Robert Staron na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 20, wakaacha kwa wiki 30 hadi 32, kisha wakarejea kwa wiki 6. Wiki hizo 6 zilitosha kurudisha sehemu kubwa ya walichopata mwanzoni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland, uliochapishwa mwaka 2024, ulilinganisha watu waliofanya mazoezi wiki 20 mfululizo na waliofanya wiki 10, wakapumzika wiki 10, kisha wakafanya wiki nyingine 10. Mwishoni makundi yote mawili yalikaribiana kwa nguvu na kwa ukubwa wa misuli.

Maelezo ya kibiolojia ni matatu:

1. Neva. Ubongo na neva havisahau kirahisi namna ya kuamsha misuli mingi kwa pamoja, kama vile mtu asivyosahau kuendesha baiskeli.
2. Viini vya seli. Seli ya msuli ina viini vingi, na mazoezi huongeza idadi yake. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo, Norwei, walionyesha kuwa katika panya viini vilivyoongezwa vilibaki hata baada ya msuli kusinyaa. Kama viini hivyo hubaki kwa kiwango hichohicho katika binadamu bado ni suala la mjadala.
3. Alama juu ya jeni. Utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa Uingereza ulionyesha kuwa mazoezi huacha alama za kikemia kwenye jeni za misuli ya binadamu, na baadhi hudumu wakati wa mapumziko.

Kumbukumbu hii ni ya misuli na neva. Hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kano zina kumbukumbu ya namna hiyo. Ndiyo maana katika wiki ya tatu au ya nne mtu anaweza kujiona ana nguvu za kutosha, wakati kano za bega, kiwiko au goti bado ziko nyuma.

## Hatari za kurejea kwa pupa

### Maumivu ya kuchelewa

Maumivu ya misuli yanayoanza saa kadhaa baada ya mazoezi na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 yalielezwa na Theodore Hough mwaka 1902. Hutokana na michaniko midogo sana ndani ya misuli, si "asidi kubaki mwilini" kama inavyosemwa mara nyingi. Husababishwa zaidi na kazi ambayo msuli huvutwa huku ukijikaza, kama kushusha chuma taratibu au kuteremka mlima. Huisha yenyewe ndani ya siku chache, na safari ya pili huuma kidogo kuliko ya kwanza kwa sababu msuli umeshajikinga.

### Kuumia kwa kano, mgongo na kinena

Kano isiyozoea mzigo inaweza kuvimba au kuchanika. Mgongo wa chini huumia hasa mtu anaponyanyua kutoka sakafuni akiwa ameinama na kujipinda upande. Mwenye ngiri ya kinena au ya kitovu anaweza kuiongeza kwa kubana pumzi na kusukuma kwa nguvu.

### Rabdomiolisisi

Rabdomiolisisi ni kuvunjika kwa misuli kwa wingi kiasi kwamba yaliyomo ndani ya seli, hasa protini iitwayo mioglobini, humwagika kwenye damu na kuweza kuziba na kuharibu figo. Uhusiano huo ulielezwa London mwaka 1941 na Bywaters na Beall kwa watu waliofukiwa na majengo yaliyopigwa mabomu. Mazoezi ya kupita kiasi huleta hali hiyohiyo bila kifusi chochote.

Mfano unaojulikana sana ulitokea Januari 2011 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Wachezaji waliotoka likizo ya takriban wiki tatu walipewa zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani mara 100, kwa nusu ya uzito wao wa juu kabisa, huku wakihesabiwa muda. Wachezaji 13 walilazwa hospitalini, na wote walipona. Walikuwa vijana wenye nguvu na uzito haukuwa mkubwa kwao. Tatizo lilikuwa wingi wa marudio mara tu baada ya mapumziko. Nchini Taiwan wanafunzi 119 wa sekondari waliugua baada ya kutakiwa kupiga pushapu 120 ndani ya dakika 5.

Mifano hiyo inahusu shule za Afrika Mashariki pia. Kuruka kichura, kuchuchumaa mara nyingi na kupigishwa pushapu kama adhabu, hasa wiki ya kwanza baada ya likizo, ni kazi ya aina ileile: marudio mengi, bila maandalizi, na mwanafunzi hana uhuru wa kusimama anapochoka.

Hatari huongezeka kwa joto kali, upungufu wa maji, pombe, homa, na baadhi ya dawa, zikiwemo za kupunguza lehemu. Huongezeka pia kwa mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hata kama yeye si mgonjwa. Utafiti wa mwaka 2016 juu ya takriban askari 48,000 wa Marekani wenye asili ya Afrika ulionyesha kuwa wenye jeni hiyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 54 zaidi wa kupata rabdomiolisisi ya mazoezi. Hali hiyo haimzuii mtu kufanya mazoezi. Inamtaka aanze polepole na anywe maji.

### Moyo na shinikizo la damu

Kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Kwa kijana mwenye afya hali hiyo hupita, lakini kwa mtu mwenye shinikizo la juu lisilotibiwa inaweza kuleta kiharusi au tatizo la moyo. Kanuni ya kawaida ni kutoa pumzi wakati wa kusukuma au kunyanyua, na kuvuta wakati wa kushusha.

## Uchunguzi kabla ya kuanza

Mtu mwenye afya aliyeacha kwa miezi michache anaweza kuanza mwenyewe kwa mzigo mdogo. Wafuatao hushauriwa kumwona daktari kwanza: mwenye maumivu ya kifua, kuzimia au kupumua kwa shida, mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, aliyefanyiwa upasuaji au kuvunjika mfupa, mwenye ngiri, mwanamke aliyejifungua karibuni, na mtu aliyekaa bila mazoezi kwa miaka mingi na kupita umri wa makamo. Kupima shinikizo la damu katika zahanati huchukua dakika chache, na watu wengi hugundua hapo tatizo ambalo hawakulijua.

Mwenye homa hapaswi kunyanyua vyuma. Baada ya malaria, mafua makali au UVIKO-19 inafaa kusubiri hadi homa iishe na shughuli za kawaida za nyumbani zifanyike bila kuchoka.

## Hatua za kurejea

### Kanuni ya 50/30/20/10

Mwaka 2019 vyama viwili vya wakufunzi wa nguvu nchini Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja juu ya vipindi vya kurejea. Moja ya kanuni zake ni kupunguza kiasi cha mazoezi kwa asilimia 50 katika wiki ya kwanza, 30 katika ya pili, 20 katika ya tatu na 10 katika ya nne, kabla ya kurudi kwenye kiasi kamili. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanamichezo, lakini hesabu yake humsaidia mtu yeyote kuona ukubwa wa hatua.

Kwa mfano, mtu aliyekuwa akichuchumaa na kg 60 kwa seti 3 za marudio 10 alikuwa na kiasi cha 60 × 30 = kg 1,800. Akibaki na seti na marudio yaleyale, ngazi zake ni:

* Wiki ya 1: kg 30 (jumla 900)
* Wiki ya 2: kg 42 (jumla 1,260)
* Wiki ya 3: kg 48 (jumla 1,440)
* Wiki ya 4: kg 54 (jumla 1,620)

Aliyeacha kwa mwaka mmoja au zaidi huhesabiwa kama anayeanza upya. Huanza chini ya nusu, kwa seti moja au mbili, na kila ngazi inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu badala ya moja. Baada ya ngazi hizo, nyongeza ya kawaida ni asilimia 2 hadi 10 ya uzito, pale tu mtu anapoweza kufanya marudio moja au mawili zaidi ya aliyopangiwa.

### Mpangilio wa wiki

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa siku moja ya mapumziko au zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka. Kila siku ya mazoezi inafaa kuwa na:

1. Kupasha mwili moto kwa dakika 5 hadi 10: kutembea, kuzungusha mabega na nyonga, na kuchuchumaa bila mzigo.
2. Zoezi moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta na moja la tumbo na mgongo.
3. Kumaliza kila seti mtu akiwa bado ana uwezo wa kuongeza marudio mawili au matatu. Kunyanyua hadi kushindwa kabisa hakuna nafasi katika mwezi wa kwanza.

Daftari ni kifaa muhimu. Anayeandika tarehe, uzito na marudio huongozwa na alichofanya wiki iliyopita, si na kumbukumbu ya miaka ya ujana.

## Vifaa vya kienyeji na upimaji wake

Jimu nyingi za mitaani na za nyumbani hutumia makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Vifaa hivi vinafaa, lakini uzito wake haujulikani na mara nyingi pande mbili hazilingani. Kwa makadirio, lita moja ya zege lililokauka ina takriban kg 2.4, hivyo kopo la lita 4 lililojaa lina kg 9 hadi 10. Lita moja ya maji ina kg 1, hivyo dumu la lita 20 lililojaa lina kg 20. Maji yanafaa hasa kwa anayerejea, kwa kuwa uzito huongezwa kwa lita moja moja. Vifaa vya zege vinaweza kupimwa kwenye mizani ya kupimia viazi au mahindi. Kopo lisilolingana na mwenzake humlazimisha mtu kujipinda upande mmoja, na hapo ndipo mgongo huumia. Bomba likaguliwe kama lina kutu mahali linapoingia kwenye zege.

## Katika Lushoto na Milima ya Usambara

Mji wa Lushoto, uliojulikana kama Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani, uko katika Usambara ya Magharibi, mkoani Tanga, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mazingira yake yanahusiana na suala hili kwa namna kadhaa.

Kazi za shamba. Wakulima wa Usambara hulima kwenye miteremko mikali na kubeba viazi, kabichi, matunda, kuni na maji kwa kichwa au begani. Mtu wa namna hiyo aliyeacha vyuma wakati wa masika hajakaa bure: miguu, shingo na mgongo wake vimefanya kazi. Misuli ya kusukuma, kama ya kifua na nyuma ya mkono, ndiyo iliyopumzika zaidi. Hivyo anaweza kupunguza uzito kidogo kwa miguu na zaidi kwa kifua. Siku ya kubeba mizigo shambani inapaswa kuhesabiwa kuwa siku ya mazoezi, isiongezewe vyuma jioni. Magunia ya lumbesa, yanayojazwa kupita kipimo cha kawaida, hayafai kuwa kifaa cha mazoezi.

Miteremko. Njia za kushuka, kwa mfano kutoka Irente kuelekea Mazinde, huumiza mapaja kuliko za kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakomaliza pumzi. Sababu ni ileile ya maumivu ya kuchelewa: wakati wa kushuka, msuli wa mbele wa paja huvutwa huku ukijikaza. Aliyeteremka mlima baada ya muda mrefu asubiri maumivu yapungue kabla ya kuchuchumaa na mzigo. Kwa upande mwingine, kushuka kidogo kidogo ni maandalizi mazuri yasiyohitaji chuma.

Mwinuko na baridi. Kwenye mita 1,400 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 85 ya ile ya pwani. Anayetoka Tanga au Dar es Salaam anaweza kuhema zaidi siku za kwanza, ingawa nguvu za kunyanyua haziathiriki sana. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za selsiasi. Wakati huo kupasha mwili moto kuchukue muda mrefu zaidi, na mazoezi ya mchana yana nafuu kuliko ya alfajiri. Baridi hupunguza kiu, lakini mwili bado unahitaji maji.

Mfungo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Lushoto ni Waislamu. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi mepesi yanaweza kufanywa muda mfupi kabla ya kufuturu au saa moja hadi mbili baada yake, mara moja au mbili kwa wiki. Si wakati mzuri wa kurejea kutoka mapumziko marefu, kwa sababu ya upungufu wa maji mchana. Ni afadhali kutunza nguvu zilizopo na kuanza kupanda ngazi baada ya Idi.

Huduma za afya. Wilaya ina Hospitali ya Wilaya ya Lushoto na Hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli. Kushuka hadi Mombo kwenye barabara kuu ni safari ya zaidi ya kilomita 30 za kona nyingi, na vijiji vingi viko mbali zaidi. Huduma ya kusafisha damu kwa mashine hupatikana katika hospitali kubwa za mikoani. Kwa hiyo mtu mwenye dalili za rabdomiolisisi asisubiri kesho.

## Chakula na maji

Misuli hujengwa kwa protini. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa kwa anayejenga misuli takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku zinatosha, na kuongeza zaidi ya hapo huleta faida ndogo. Usambara ni eneo la maharage: gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina takriban gramu 8 hadi 9 za protini, yai moja lina kama gramu 6, na glasi ya maziwa ya mililita 250 gramu 8. Dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko vyote hivyo kwa uzito uleule. Maharage yakiliwa pamoja na ugali wa nafaka hukamilishana nao. Unga wa protini wa dukani si lazima.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hazifai kumezwa ili kuendelea na mazoezi. Huficha dalili, na mwili ukiwa hauna maji ya kutosha zinaweza kuumiza figo.

## Makundi maalumu

Wazee. Umri hauzuii kurejea. Mazoezi ya nguvu humsaidia mzee kuinuka kitini, kupanda ngazi na kutoanguka. Ongezeko liwe dogo, mapumziko yawe marefu, na mazoezi ya kusimama kwa usawa yaongezwe. Shirika la Afya Duniani linashauri ya aina hiyo siku tatu kwa wiki kwa wenye miaka 65 na zaidi.

Wanawake baada ya kujifungua. Huanza na kutembea na mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Uzito mkubwa husubiri ruhusa ya mkunga au daktari, hasa baada ya upasuaji.

Wanafunzi. Vijana wanaweza kunyanyua uzito chini ya usimamizi. Wiki mbili za kwanza za muhula zinapaswa kuwa nyepesi, bila mashindano ya kuhesabiana marudio.

## Dalili za kwenda hospitali mara moja

* Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia.
* Misuli iliyovimba, migumu na inayouma kuliko kawaida, au mkono usiokunjuka.
* Mkojo kuwa kidogo sana, kichefuchefu au kuchanganyikiwa.
* Maumivu ya kifua, kuzimia, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili.
* Uvimbe wa kinena unaouma na usiorudi ndani.

Mgonjwa amweleze daktari kuwa alifanya mazoezi makali siku za karibuni, kwani mkojo wa kahawia unaweza kudhaniwa kuwa unatokana na malaria kali au maambukizi ya njia ya mkojo.

## Tazama pia

* Msuli
* Figo
* Selimundu
* Shinikizo la damu
* Lushoto
* Milima ya Usambara